Matanga ya Mjomba Kasimiri

Eufrazia alikuwa amefundisha jiografia miaka nenda rudi, na Ziwa Tanganyika aliweza kulichora ubaoni akiwa amefumba macho. Lakini kwa upande wa magharibi, safari yake ndefu kuliko zote iliishia Gairo, alikokwenda kununua karanga akarudi siku hiyo hiyo. Jambo hilo lilimkera kimyakimya mpaka siku mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alipomuuliza maji ya ziwa lile yana rangi gani. Eufrazia akajibu kwamba ni ya buluu, kwa sauti ya mtu anayekisia, na darasa zima likajua kwamba mwalimu anakisia. Jioni ile ile aliamua. Likizo ikifika atapanda kigari chake, Suzuki kuukuu, ashike njia ya Dodoma, Singida na Tabora mpaka Kigoma, alale njiani kwenye hema, aingize miguu yake majini, aione rangi mwenyewe, kisha arudi Morogoro. Na atakwenda peke yake.

Hapo kwenye peke yake ndipo kesi zilipoanzia. Angesema anakwenda na kwaya ya parokia, watu wangemchangia mafuta. Aliposema anakwenda yeye na sufuria yake, mtaa mzima wa Kihonda ulipata la kuongea. Wanaume walijitokeza kumsindikiza kama vile wametangaziwa ajira. Mwalimu wa hesabu alijitolea, fundi wa gereji alijitolea, hata Rogers, mchumba wake wa zamani aliyekuwa kila mwaka akimwambia "mwakani tutakwenda wote" mpaka akaoa kwingine, alimtumia ujumbe kwamba kama anahitaji dereva, yeye yupo. Eufrazia aliufuta ujumbe ule kabla haujapoa.

Mwanaume mmoja tu hakujitolea, na huyo ndiye aliyemuuma.

Aliitwa Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, jirani wa ng'ambo ya barabara, mfanyakazi wa kiwanda cha tumbaku. Kazi yake ilikuwa kuchambua majani kwa madaraja, na kwa hiyo shati lake lilinukia tumbaku hata akitoka kuoga. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za mababu, na Mihayo aliutumia utani huo mpaka ukachanika. Akimwona Eufrazia anafagia uwanja, humwita mtumwa wake na kumuuliza kwa nini hajamchemshia maji. Alishamposa pale bombani mbele ya ndoo za watu. Akamposa sokoni, akiwa ameshika fungu la dagaa kama mahari. Siku ya Pasaka akamposa nje ya kanisa, watu wakitoka misa, akaahidi kumtolea mizinga ya nyuki yenye nyuki wakali ili wamfunze adabu. Kila mara watu walicheka, na Eufrazia akacheka nao. Kisha aliingia ndani, akafunga mlango, na huko ndani hakucheka. Mtani akikwambia anakupenda, utajuaje kama amesema kitu?

Na sasa, wakati dunia nzima inataka kumsindikiza, Mihayo alikuja tu kuangalia vifaa vya safari. Akavicheka kimoja kimoja, akaaga, akaenda zake. Eufrazia alilichukua hilo kuwa ndilo jibu lake.

Vifaa vyenyewe kwa kweli vilichekesha. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Hema lilikuwa la mtumba, kutoka mnadani. Fito zake zilishapotea huko Ulaya lilikotoka, kwa hiyo lilisimamishwa kwa mianzi iliyokatwa Kinole, kijijini kwao mlimani. Zipu ilifunga mpaka katikati, na kuanzia hapo kazi ilifanywa na pini. Jiko lilikuwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. Godoro lilikuwa magunia yaliyoshonwa pamoja, yakajazwa vipande vya sponji mpaka yakawa na mabonde na vilima, na ukilala juu yake unaisoma Uluguru yote kwa mbavu. Na kwa kuwa hema lilivuja, Eufrazia alinunua turubai la kulifunika juu. Alilipata kwa bei ya kutupa kwa jamaa anayekodisha viti na maturubai ya shughuli. Turubai lile la kijani lilikuwa limehudhuria misiba mingi ya Kihonda kuliko padri. Hata watoto walilifahamu. Eufrazia, akili yake yote ikiwa Kigoma, hilo hakulifikiria hata kidogo.

Ijumaa mjomba Kasimiri alipiga simu kutoka Kinole.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anazaa na kulea, lakini neno la mwisho ni la kaka wa mama. Mama yake Eufrazia alikwishafariki, na neno la mwisho lilibaki kwa Kasimiri, mzee wa karafuu na mdalasini, anayevaa koti zito la sufi hata jua likipasua mawe. Alikuwa na kifua wiki ile. Alikohoa, akafoka, akakohoa tena. Hakutaka kusikia habari ya ramani. Mtoto wa ukoo wake kulala porini kama nguruwe, watu watasema hana wa kumkataza. Eufrazia alimjibu kwa upole, kisha akamjibu bila upole, na mzee akamaliza kwa maneno mafupi.

"Ukiondoka Jumatatu, jua huna mjomba."

Simu ikakatika. Eufrazia alilia kidogo, akajifuta, na kwa ukaidi akatoka kwenda kujaribu turubai. Alilifunga kwenye kenchi ya paa upande mmoja na kwenye mparachichi upande wa pili, akasimamisha hema chini yake, akalala humo ili aone kama atakufa. Hakufa. Aliumwa na mbu tu.

Asubuhi ya Jumamosi aliamka na khanga kiunoni na kitambaa kichwani. Akatandika mkeka uwanjani, akawasha kuni kwenye mafiga na kubandika sufuria ya maharage, kwa kuwa alitaka kujizoeza kupika nje. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ukamfuata kila alikohamia, mpaka macho yakawa mekundu na kuvimba. Ndipo akakumbuka matairi yanahitaji upepo. Akauacha moto ukiendelea, akapanda gari kwenda Msamvu.

Nyuma ya michongoma, Bi Sharifa alikuwa amesimama na kopo lake la maji, akitazama.

Bi Sharifa alikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: hajawahi kuwa wa pili kufika msibani. Aliliona turubai. Aliuona mkeka, moto wa nje na sufuria. Alimwona mtoto wa watu amelala nje, ametoka na macho ya damu, anapanda gari bila hata kusalimia. Na alijua, kama wote walivyojua, kwamba yule mwalimu kabakiwa na mzee mmoja tu wa maana, na kwamba mzee huyo alikuwa mgonjwa wa kifua. Kuuliza ingekuwa utovu wa adabu. Kwa Bi Sharifa mfiwa hasumbuliwi kwa maswali, anasaidiwa kuosha vyombo. Akaweka kopo chini na kuanza kugonga milango.

Eufrazia aliporudi alikuta uwanja wake umejaa.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakizungumzia mpira kwa sauti ya chini, kama inavyopasa. Wanawake walikuwa wakimenya ndizi. Maharage yake yalishahamishiwa sufuria kubwa, yakaongezewa mengine na nazi. Alipotokea tu getini, kilio kilipanda. Kuna aliyekufa. Hilo lilikuwa wazi. Watu wote hawa wamekuja kumletea habari na hakuna anayethubutu kuianza.

Magdalena, mwalimu mwenzake, alimwangukia shingoni.

"Mjomba wetu, Fraza. Mjomba wetu ametuacha."

Eufrazia alitoa simu, akampigia Kasimiri. Namba haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Kama mmewahi kukaa Kinole mnajua kwamba mlima ule una migomba mingi kuliko mtandao, na kwamba simu kutopatikana huko haimaanishi lolote. Lakini asubuhi ile ilimaanisha kila kitu. Alikaa chini kwenye mkeka wake mwenyewe, chini ya turubai lake mwenyewe, akamlilia mjomba wake kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Jua huna mjomba. Ndiyo maneno aliyomwachia. Alimfokea mzee mgonjwa kwa ajili ya rangi ya maji, na mzee akaenda kufa na uchungu huo kifuani.

"Siendi tena," alisema. "Siendi popote. Kigari kiuzwe."

Wanawake wakamwambia anyamaze, mambo ya gari yatazungumzwa baada ya arobaini. Hakunyamaza. Alikuwa akimlilia mjomba na kuililia safari pamoja, na hakuweza kuvitenganisha, na jambo hilo lilimwongezea aibu.

Hapo ndipo Mihayo alipoingia.

Mtani msibani ana haki yake na hakuna wa kumzuia. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Wengine wanamsifu marehemu, yeye anamsema. Mihayo alikuwa amevaa koti la sufi alilolitoa sijui wapi, lenye kiraka mgongoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na mkononi ameshika mchi badala ya bakora. Akaingia akikohoa. Kikohozi kile kilikuwa cha Kasimiri mwenyewe, kile kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye malalamiko. Alikuwa amekutana na mzee mara chache tu barazani hapo, lakini alimwiga mpaka namna ya kuvuta suruali kabla ya kukaa. Vicheko vikaanza upande wa mabenchi, vikajificha, vikashindwa kujificha.

"Nani amepika maharage kwa nazi?" aliuliza kwa sauti ya mzee. "Nazi moja ingetosha watu wote. Mimi nikifa ndiyo mnafuja?"

Akawakagua waombolezaji, akawauliza wangapi wamekuja kwa uchungu na wangapi kwa ndizi. Akatoa wosia. Karafuu zake zisiuzwe mpaka bei ipande, hata ikichukua karne. Koti lake asilirithi mtu. Kama kaburi ni dogo, azikwe yeye kwanza na koti litafutiwe la kwake. Bi Sharifa alikuwa akijifuta machozi kwa upindo wa khanga, na hakuna aliyejua tena ni machozi ya nini. Kisha Mihayo akageuka na kumtazama Eufrazia pale mkekani. Sauti ikabaki ya Kasimiri, lakini macho yalikuwa yake.

"Mpwa wangu, nilikukataza safari. Nikasema hakuna kwenda peke yako. Sasa mimi huyo nimeshika safari ndefu kuliko yako, peke yangu, hema sina, hata sufuria sina. Na katika wote hawa hakuna aliyenikataza."

Eufrazia alicheka. Kicheko kilimtoka katikati ya kwikwi, kikamuumiza mbavu, na bado machozi yalikuwa yanaendelea. Alimtazama yule mwanaume aliyesimama juani ndani ya koti la sufi, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, ili yeye acheke. Moyo wake ulifanya kitu ambacho si adabu kufanya msibani.

"Koti langu halina kiraka," ilisema sauti kutoka kwenye benchi la nyuma.

Kasimiri alikuwa amekaa pale muda mrefu. Baadaye alikuja kusimulia mwenyewe, tena kila anaposimulia anaongeza kitu. Alishuka kutoka Kinole alfajiri, na mkungu wa ndizi, kuja kumzuia mpwa wake uso kwa uso. Alipofika getini akakuta matanga. Akamuuliza jirani yake wa benchi nani amefariki, akaambiwa ni mjomba wa mwalimu, mzee wa Kinole. Kasimiri ana mdogo wake, Joseph, naye ni mjomba wa mwalimu na naye ni mzee wa Kinole. Basi akainama akamlilia Joseph, ambaye walikunywa naye uji asubuhi ile ile, akijiuliza kifo gani hiki kinachokwenda kasi kuliko basi. Wanaume wakampa pole na kikombe cha chai ya tangawizi. Mpaka Mihayo alipokohoa. Kikohozi kile Kasimiri alikijua, maana alikuwa nacho.

Alisimama na koti lake lisilo na kiraka, mkono mmoja umeshika kikombe.

Sasa niwaambie ukweli, watu wa Kihonda wanajiona ni watu wa mjini na mizimu ni mambo ya milimani. Asubuhi ile mji wote uliwatoka. Mabenchi yalipinduka. Wanawake walikimbia na visu vya kumenyea ndizi mikononi. Bi Sharifa, ambaye kwa umri na uzito wake hakuna aliyemtarajia, ndiye aliyetangulia kufika barabarani. Mtu alijikwaa kwenye kamba ya mparachichi, mwingine akaibeba ile ya kenchi shingoni, na turubai la kijani likashuka taratibu kama limechoka, likawafunika mtani na marehemu pamoja.

Eufrazia hakukimbia. Alijipenyeza chini ya turubai kwa magoti, akapapasa gizani mpaka akashika sufi. Akavuta. Ilikuwa na kiraka. Akaiachia kwa shida kidogo, akapapasa tena mpaka akapata isiyo na kiraka.

"Mjomba, umekufa?"

"Bado," alisema Kasimiri. "Ila chai imenimwagikia."

Alimkumbatia kwa nguvu hata mzee akaanza kukohoa upya, na kikohozi kile kilimpendeza Eufrazia masikioni. Akamwomba msamaha kwa maneno yaliyopishana, na mzee, ambaye hakuzoea kukumbatiwa, alimpigapiga mgongoni kwa kikombe.

Watu walirudi mmoja mmoja baada ya kumwona Kasimiri ana kivuli. Bi Sharifa alieleza namna alivyoona na alivyopima, akasema yeyote angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo, na kwa vyovyote chakula kimeshaiva. Hapo kila mtu alikubaliana naye. Mkeka ukatandikwa upya. Kasimiri akakalishwa pa heshima, akapakuliwa sahani kubwa, akala matanga yake mwenyewe huku akisema nazi imezidi.

Aliponawa mikono, uso wake ulibadilika ukawa wa kikao.

Alisema amekuja kumzuia mpwa wake na bado anamzuia. Lakini yeye si mtu wa kubisha tu. Ameona mapenzi ya watu hawa. Ameona hasa huyu mtani, ambaye amemzika vizuri kuliko watoto wake watakavyomzika. Kilichomuuma yeye ni mtoto kuwa peke yake barabarani. Basi dawa ipo. Huyu mtani si kila siku anaposa? Habari hizo zilimfikia mpaka Kinole. Achukue. Yeye Kasimiri, mwenye mtoto, anampa hapa hapa, mahari itazungumzwa. Wakaandikishe ndoa, kisha waende huko Kigoma wote wawili, mume na mke, hata wakilala kwenye kopo la rangi atakuwa na amani.

Vigelegele vilipasuka. Bi Sharifa tayari alikuwa akiangalia turubai kwa jicho la harusi.

Eufrazia alihisi uso unawaka. Kitu alichokuwa akikitaka nyuma ya mlango wake kilikuwa kimewekwa mkekani mbele ya kila mtu, na kitu kingine alichokitaka, safari yake, kilikuwa kinachukuliwa kuwa malipo. Alimtazama Mihayo. Akikubali, safari itakuwa ya Mihayo, atakaa kwenye usukani, atajibu maswali ya trafiki, atamwonyesha ziwa kwa kidole. Na yeye Eufrazia atafurahi, hilo ndilo lililomtisha. Atafurahi, na hatajua kamwe kama angefika mwenyewe.

Mihayo alivua kofia.

"Mzee, nashukuru," alisema. "Lakini hapana."

Kasimiri akamuuliza kama anajua anachokikataa.

"Nakijua. Ndiyo maana nimevua kofia." Akaitia mfukoni mwa koti. "Nimemwomba huyu bombani, nimemwomba sokoni, nimemwomba nje ya kanisa. Kila mara nilitia utani, kwa sababu akikataa utani naweza kucheka nikaenda nyumbani. Sasa nasema bila utani, mzee. Nampenda. Nikimsikia anafagia asubuhi ndiyo naamka vizuri. Lakini safari hii ni yake. Wote walipojitolea kumsindikiza mimi nilinyamaza, na kunyamaza kulinigharimu usingizi. Ukinipa leo ili nimlinde, atanipata mimi kama anavyopata turubai, kwa kuwa kuna mvua. Mimi nataka anichague kukiwa na jua."

Eufrazia alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila mtu kucheka. Alijua ni zamu yake, na kwamba asiposema sasa wazee watasema badala yake.

"Mjomba," alisema, akiwa amepiga magoti mbele ya mzee kama alivyofundishwa na mama yake. "Jana uliniambia nijue sina mjomba. Leo asubuhi nimekaa hapa bila mjomba. Nimejua huko kukoje, na sitamani kurudi. Nilikulilia nikaapa siendi tena popote. Sasa uko hai, na nikikaa nyumbani kwa sababu ya hofu yako, nitakuwa nakulilia hivyo hivyo kila siku, na wewe unakula karibu yangu. Nataka kwenda nikiwa na mjomba. Nataka vyote viwili."

Kasimiri alichokoa meno kwa kijiti. Akautazama mlima wa Uluguru, ambao kutoka Kihonda unaonekana wote saa kama hiyo, kama anayeulizana nao jambo. Kisha aliinuka, akavuta suruali, akaenda kwenye lile turubai lililolala chini. Akaokota ncha ya kamba.

"Nani alifunga fundo hili?"

"Mimi, mjomba."

"Ndiyo maana limeangukia watu."

Akaanza kulifunga upya. Alimwita, akamwonyesha fundo wanalofungia mizigo ya ndizi kuteremka Kinole, akalifungua, akamwambia alifunge yeye. Alipokosea alimfokea, alipopatia alilivuta kwa uzito wake wote akitafuta kasoro. Akauliza kama anajua kubadilisha tairi. Akauliza pini zile za hema nani alimdanganya kwamba ni zipu. Akamwagiza Bi Sharifa atafute uzi mnene. Hakuna mahali aliposema ndiyo, na Eufrazia alikuwa na akili ya kutosha kutokumwomba aseme. Mwisho kabisa, akiwa amempa mgongo, mzee alisema kila akifika mji ampigie simu.

"Na nisipopokea," aliongeza, "usianze kulia."

Alasiri ilipopoa, watu wakiwa wameanza kurudi makwao na vyombo vyao, Eufrazia alivuka mpaka kwenye kigari. Mihayo alikuwa ameegemea boneti, koti amelikunja begani, akijifanya anakagua kioo. Alikuwa na haya ya mtu aliyesema kweli mbele ya watu na sasa hajui aiweke wapi. Akamwita mtumwa wake, akamuuliza kama kuna ndizi zimebaki. Eufrazia hakucheka. Alisimama karibu naye mpaka harufu ya tumbaku ikamfikia, akamuuliza nyumbani kwao Tabora ni wapi.

Mihayo alianza utani, kwamba kwao ni ikulu, aulize tu. Kisha akamwona usoni, akaacha.

"Ipuli," alisema polepole. "Nyumba ina bati jekundu. Mama anauza asali barazani. Kwa nini?"

"Nitapita pale. Nitamsalimia, nitakula atakachopika, nitamsaidia kuosha vyombo. Nataka kuona huko ninakotaka kuolewa kukoje."

Mwanaume yule aliyechekesha matanga mazima alisahau utani wote. Alichukua mkono wa Eufrazia kama vile ni kitu alichoazimwa, akautazama. Akasema kwa sauti ndogo.

"Mama ni mtu wa zamani, Fraza. Kwetu mwanamke hafiki hivi hivi ukweni. Atashtuka, atakuuliza ni nani amekutuma. Mwambie ni mimi."

Eufrazia akatikisa kichwa.

"Sitamwambia hivyo," alisema. "Nitamwambia sikutumwa na mtu. Nimekuja mwenyewe."